Siku mbili Unguja

Wikiendi nimeitoroka Dar kwa boti ya asubuhi. Jua kali mpaka bandarini Malindi. Sijamaliza hata kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, mvua ya vuli hiyo! Nikajibanza barazani kwa muuza picha za tingatinga. Tukapatana bei ya jogoo wa madoadoa huku tunangoja ianuke. (Mtindo wenyewe Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar mwaka 1968, mimi navuka bahari kuufuata.) Dakika 20, jua tena.

Darajani nimechukua karafuu, na kanga isiyokuwa kwenye bajeti. Ila urojo, jamani! Bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo juu, ukwaju unakukunja uso. Nimepiga bakuli mbili. Jioni Forodhani pweza alinishinda.