Siku moja maishani mwangu: ankara zilizofika mara mbili

Saa 2:10 asubuhi. Ujumbe wa kwanza ninaoukuta unatoka kwa msimamizi wa huduma kwa wateja: baadhi ya wateja wamepokea ankara ya mwezi mara mbili, na mmoja wao anauliza kama anatakiwa kulipa zote. Mimi ndiye ninayetunza mfumo wetu wa kutuma barua pepe, ulioandikwa kwa Laravel (zana ya kujengea programu za wavuti kwa lugha ya PHP), kwa hiyo swali hilo ni langu.

Saa 2:40. Nafungua jedwali la failed_jobs, ambako kazi zilizoshindikana huhifadhiwa pamoja na kosa lililoziangusha. Humo mna kazi 14, lakini hakuna hata moja ya wateja wanaolalamika. Kwa macho ya foleni, yaani orodha ya kazi zinazosubiri zamu, ankara zao zilikwenda salama. Kazi inayoanguka huacha alama, ilhali inayofanyika mara mbili haiachi lolote.

Saa 3:30. Jibu limo kwenye logi, kumbukumbu ya yote ambayo mfumo umefanya. Kazi moja ya ankara ilianzishwa na mchapakazi wa kwanza (ndivyo tunavyoiita michakato ya queue:work inayochomoa kazi kwenye foleni), na sekunde 91 baadaye mchapakazi wa tatu akaianzisha kazi ileile, kwa kitambulisho kilekile, huku ikihesabiwa kuwa ni jaribio la pili. Yule wa kwanza hakuwa amekufa. Alikuwa bado anatengeneza PDF ya kurasa nyingi, na alituma barua yake sekunde 40 baada ya mwenzake kuanza. Mwenzake naye akatuma yake.

Chanzo kilikuwa mkono wangu mwenyewe. Ankara zilipokua ndefu, niliongeza timeout ya wachapakazi kutoka sekunde 60 hadi 180, nikasahau kwamba retry_after kwenye config/queue.php ilibaki 90. Timeout husema mchapakazi aachwe kwa muda gani kabla ya kukatwa. Retry_after husema foleni isubiri muda gani kabla ya kuamini kwamba aliyeichukua kazi amepotea nayo. Ya pili ikiwa fupi kuliko ya kwanza, foleni humkatia tamaa mtu aliye kazini. Nyaraka za Laravel zinaonya jambo hili waziwazi, nami nilikwisha kulisoma.

Saa 4:45. Kijana ninayefanya naye kazi anauliza, "Kaka, kwa nini tusizime tu kujaribu tena?" Namweleza kwamba seva ya barua ikijibu 421 au 450 inamaanisha rudi baadaye, na tusiporudi ankara inapotea. Tunakubaliana kufanya mambo matatu: retry_after iwe 240, kutengeneza PDF na kutuma barua ziwe kazi mbili zinazofuatana, ili kazi ya kutuma isibebe muda wa kutengeneza kurasa, na kila ankara iwe na safu ya muda wa kutumwa, ambayo mchapakazi huijaza kabla ya kutuma kwa sharti kwamba iwe bado tupu. Asiyefanikiwa kuijaza anaachana na kazi hiyo.

Hilo la tatu tulibishania kwa karibu saa nzima. Ukiweka alama kabla ya kutuma na mchakato ukafa katikati, barua haiendi kamwe. Ukiweka baada ya kutuma, inaweza kwenda mara mbili. SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, haikupi njia ya tatu. Kwa ankara nilichagua alama ya kabla, tukiongeza kwamba kosa la kutuma likinaswa alama inafutwa, na ankara zenye alama lakini zisizo na uthibitisho wa seva ziorodheshwe kila asubuhi ili mtu azikague.

Saa 8:20 mchana. Napandisha msimbo mpya, nahifadhi upya kache ya mipangilio (nakala yake inayosomwa haraka), kisha natuma kazi ya majaribio inayolala sekunde 130. Inaanzishwa mara mbili! Natazama mipangilio mara ya tatu kabla ya kukumbuka kwamba wachapakazi hupakia msimbo na mipangilio mara moja tu, wanapoanza, na kwamba walikuwa wakiendelea na 90 yao ya jana. Natoa amri ya queue:restart, kila mmoja anamaliza kazi aliyoishika na kuondoka, na Supervisor, programu inayowasimamia, inawarudisha wakiwa wapya. Jaribio linapita. Amri hiyo sasa imo kwenye hati ya kupandisha msimbo, mahali ambapo ilipaswa kuwa tangu mwanzo.

Saa 10:05. Narudi kwenye zile kazi 14 zilizoshindikana. Kumi na mbili zilirudishwa kwa jibu la 550, anwani zisizokuwepo, kwa hiyo nazifuta kwa queue:forget na kupeleka orodha kwa wahudumu wawaulize wateja anwani sahihi. Mbili zilikwama kwa 421. Nazirudisha kwenye foleni kwa queue:retry, na kwenye logi naona kila moja imeanzishwa mara moja na kumalizika mara moja.

Saa 10:50. Namjibu msimamizi: ankara ni moja, nakala ya pili ipuuzwe.