Wasipokaa merikebuni: Matendo 27, ukuu wa Mungu na hiari ya mwanadamu

Mjadala wa ukuu wa Mungu na hiari ya mwanadamu ukianzia Warumi 9 hauishi. Mmoja anashika Yakobo na Esau, kwamba Mungu alichagua kabla hawajazaliwa, mwenzake anashika 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe, wanarushiana mistari mpaka kipindi kinafungwa kwa sala na kila mtu anarudi nyumbani na msimamo aliokuja nao. Mimi napendekeza tuanzie Matendo ya Mitume sura ya 27, safari ya Paulo kwenda Rumi. Sura hiyo ina nanga, matanga na shehena kuliko ina theolojia, na ndiyo maana inafaa: ahadi ya Mungu isiyo na sharti na onyo lenye sharti vimetoka kinywani mwa mtu mmoja, ndani ya chombo kimoja, katika dhoruba hiyo hiyo.

Tuipitie kwa mpangilio. Paulo ni mfungwa chini ya akida Yulio, ofisa wa jeshi la Kirumi, ndani ya merikebu ya Iskanderia iliyobeba ngano. Wamefika Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Siku ya kufunga ya Wayahudi imeshapita, maana yake ni mwishoni mwa Septemba au Oktoba, wakati ambao bahari ile haikuwa ya kuchezea. Paulo anaonya kwamba safari itakuwa na hasara ya shehena, ya chombo, na hata ya maisha (mstari wa 10). Akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Wanang'oa nanga, kisha upepo wa dhoruba uitwao Eurakilo unawakamata. Wanaukaza mwili wa chombo kwa kamba, wanatupa shehena, na siku ya tatu wanatupa hata vifaa vya merikebu. Siku nyingi zinapita bila jua wala nyota, na kwa baharia wa enzi zile hiyo ni sawa na kutojua uko wapi.

Hapo ndipo Paulo anasimama na ujumbe wa malaika: Mungu amekupa wote wanaosafiri pamoja nawe. Hakuna atakayepotea isipokuwa merikebu (22–24). Someni mistari hiyo polepole mtafute neno "kama" au "iwapo". Halipo.

Usiku wa 14 wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima maji, wanapata pima 20. Wanasogea kidogo, wanapata pima 15. Yaani kina kimeshuka kutoka kama mita 37 hadi kama mita 28, na miamba iko mbele gizani. Wanashusha nanga 4 upande wa tezi, yaani nyuma, na kuomba kuche. Mabaharia nao wanateremsha mashua majini, wakisingizia kwamba wanapeleka nanga upande wa omo, yaani mbele, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida na askari (31): hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Askari wanakata kamba za mashua, wanaiacha ianguke.

Sasa swali. Ikiwa Mungu ameshasema wote watapona, "hamtaweza" inatoka wapi? Na kama kweli wasingeweza bila wale mabaharia, ile ahadi ilikuwa ahadi ya namna gani?

Kabla ya kukimbilia jibu, tazameni kilichofanyika asubuhi (40). Walizitupilia mbali nanga, wakalegeza kamba za sukani, wakatweka tanga la mbele, wakaielekeza merikebu ufuoni penye ghuba. Hiyo si kazi ya askari wa nchi kavu wala ya wafungwa. Onyo la Paulo halikuwa fumbo la kiroho: bila mabaharia, chombo chenye watu 276 kisingepelekwa ufuoni kwa namna ile. Watu wengi hutafuta maana ya ndani ya mstari wa 31 na kuruka maana yake ya wazi.

Wakalvini, wanaofuata mafundisho ya mwanamageuzi Calvin, wana jibu lililonyooka: Mungu akiamua mwisho wa jambo huamua pia njia za kuufikia. Watu 276 kupona kuliamuliwa, na kubaki kwa mabaharia kuliamuliwa, na onyo la Paulo lenyewe ndilo lililoletwa ili wabaki. Ungamo la Westminster, tamko lao la imani la mwaka 1646, sura ya 3, linasema Mungu ameamuru yote yatukiayo, na papo hapo linakana kwamba utashi wa viumbe unafanyiwa jeuri au kwamba sababu za pili, yaani zile zinazotenda kazi ndani ya uumbaji, zinafutwa. Kanuni za Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa kanisa lao uliokaa Uholanzi mwaka 1618 na 1619, zinatumia hoja ya namna hiyo juu ya waamini kudumu katika imani: Mungu huwalinda kwa njia ya Neno, maonyo, vitisho, ahadi na sakramenti (fundisho la 5, kifungu cha 14). Kwa hiyo Mkalvini anayesema "maonyo hayana haja, mteule hapotei" anapingana na Dordrecht yenyewe.

Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, husoma tofauti. Kwao Mungu alijua tangu mwanzo kwamba Paulo angeonya na askari wangesikia, na ahadi ilitolewa juu ya ujuzi huo. Mabaharia na askari walitenda wenyewe bila kuamuliwa. Hapa kuna uvumi mmoja wa mitaani unaofaa kuondolewa: kwamba Arminius alifundisha mtu anaweza kujiokoa kwa nguvu zake. Waliomfuata walitoa vifungu 5 mwaka 1610, na cha 3 kinasema wazi kwamba mtu hana imani iokoayo kutoka kwake mwenyewe, bali ni lazima azaliwe upya na Mungu. Tofauti yao na Wakalvini ilikuwa kwingine, hasa katika kifungu cha 4: kwamba neema inaweza kukataliwa.

Upande wa Wakatoliki kuna njia ya tatu inayonoga sana kwa sura hii. Luis de Molina, padre wa shirika la Wajesuiti, katika kitabu chake cha mwaka 1588, alidai kwamba Mungu anajua si yatakayotokea tu, bali pia kila mtu angefanya nini kwa hiari yake katika kila hali ambayo angewekwa. Andiko lililozoeleka kwa hoja hiyo ni 1 Samweli 23. Daudi anamkimbia Sauli, yuko katika mji wa Keila, anamwuliza Mungu: Sauli atashuka? Atashuka. Watu wa Keila watanitoa kwa Sauli? Watakutoa. Daudi anaondoka na watu wake kama 600, Sauli hashuki, hakuna anayetolewa. Mungu alijibu juu ya jambo ambalo halikutokea kamwe. "Hawa wasipokaa" ni sentensi ya sampuli hiyo hiyo. Wadominiko, shirika lingine la Kikatoliki, wakiongozwa na Domingo Báñez walimpinga Molina vikali, wakishikilia kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayeusukuma utashi utende, na utende kwa uhuru. Kesi ilisikilizwa Roma kuanzia mwaka 1597 hadi 1607, na Papa Paulo V akaifunga bila kuhukumu upande wowote, akikataza pande hizo kuitana wazushi. Ningependa katazo hilo lifike kwenye makundi yetu ya WhatsApp.

Walutheri, wakiwemo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), wana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, na kifungu chake cha 18 hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Katika mambo yaliyo chini ya akili, kama kulima, kujenga, kuoa, mtu ana uhuru kiasi. Katika haki iliyo mbele za Mungu hana nguvu bila Roho Mtakatifu. Kukata kamba ya mashua ni jambo la kundi la kwanza. Hapo ndipo kosa kubwa la wanaoitumia sura hii linapojificha: wanaichukua kuthibitisha au kukanusha uteule wa kwenda mbinguni. Matendo 27 inahusu uhai wa mwili na namna Mungu anavyoyaongoza matukio. Haisemi kama mtu aliyekufa dhambini anaweza kumgeukia Mungu, wala kama neema inaweza kukataliwa. Kwa hayo nendeni Yohana 6:44, Mathayo 23:37, Waefeso 2, na hiyo Warumi 9 ambayo sasa mtaisoma mkiwa mmetulia.

Kile ambacho sura hii inakivunja kabisa ni majaaliwa ya kukata tamaa. "Siku ikifika imefika." "Ajali haina kinga." Dereva anayapita magari mengine kwenye kona, watu wanakufa, na msibani mchungaji anasema kazi ya Mungu haina makosa, kisha suala la mwendo wa gari halizungumzwi tena. Huko ni kusoma mstari wa 24 na kuuchana wa 31. Kama ahadi ya Mungu ingefanya kazi namna hiyo, Paulo angeiona mashua ikishuka akajifunika shuka. Hakuna kundi hata moja kati ya hayo niliyotaja linalofundisha hivyo. Calvin mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa (kitabu cha 1, sura ya 17), anawajibu wanaosema dawa ni bure kwa kuwa siku za mtu zimehesabiwa: aliyeweka mpaka wa uhai wetu ndiye aliyetukabidhi kuutunza, na akatupa njia za kuutunza. Origen, mwalimu wa Kanisa la kale, alishalijibu wazo hilo katika karne ya 3, akitumia mfano wa mgonjwa na tabibu: kama imepangwa upone, huenda imepangwa upone kwa kumwita tabibu.

Kosa la upande wa pili ni kusoma 31 na kuuchana 24. Hili linasikika zaidi kwenye mikutano: mikono ya Mungu imefungwa mpaka utoe, mpaka ufunge siku kadhaa, mpaka ukiri. Angalieni basi ni nani waliotimiza lile sharti. Ni askari wa Kirumi, na hatuambiwi kwamba walikuwa na imani yoyote. Mabaharia wenyewe hawakubaki kwa kupenda. Walinyang'anywa njia ya kutoroka. Wanaotetea hiari kwa nguvu huupita mstari huu haraka, maana uamuzi wa hiari wa mabaharia ulizimwa na panga za watu wengine.

Na bado kuna mstari wa 42, ambao naona ndio mgumu kuliko wote na hauguswi sana. Merikebu imekwama, tezi inavunjika, askari wanashauriana kuwaua wafungwa wasije wakaogelea na kukimbia. Hawakusukumwa na unyama tu. Mlinzi aliyepotewa na mfungwa aliweza kulipa kwa maisha yake, kama walinzi wa Petro katika Matendo 12:19. Shauri lao lingefanikiwa, ahadi ya malaika ingeanguka dakika za mwisho, miguu ikikaribia mchanga. Kilichozuia ni kwamba akida alitaka kumponya Paulo (43). Luka hasemi malaika alimtokea akida, wala hasemi Mungu aliugeuza moyo wake. Anasema alitaka. Mkalvini atauliza: na huko kutaka kulitoka wapi? Atakufungulia Mithali 21:1, moyo wa mfalme katika mkono wa Bwana. Mwenzake atasema akida alishakaa na Paulo wiki kadhaa, akamwona akisema kweli, akampenda kama mtu anavyompenda mtu. Maandiko hapa hayachagui, na mimi naona afadhali darasa likae na hali hiyo kuliko kulazimisha jibu.

Kwa anayetaka kuifundisha: soma mpaka 26 kisha funga Biblia. Uliza kama mabaharia wakitoroka itakuwaje, waache watu wajifunge kwa majibu yao. Ndipo usome 27 hadi 32. Ukisoma sura nzima kwa mkupuo, wanaruka tatizo bila kuliona. Saa moja na nusu inatosha, mradi usiruhusu mtu yeyote aingize Warumi 9 kabla hamjafika mstari wa 44, wa mwisho wa sura.

Swali moja litakuja bila shaka: katika mstari wa 10 Paulo alisema maisha yatapotea, na hayakupotea. Walio na msimamo kwamba yajayo hayajafungwa yote hata kwa Mungu hulitumia. Jibu lisilohitaji theolojia nzito ni kwamba pale Paulo alisema anaona hivyo, kama msafiri mwenye uzoefu wa bahari. Ujumbe wa malaika ulikuja baadaye. Tofauti ya maoni ya mtume na neno alilotumwa inatosha kueleza.

Na ahadi yenyewe ilikuwa ya watu 276 wa chombo kile. Nimeisikia ikitamkwa juu ya basi la kwenda mkutano, "hakuna atakayepotea hata unywele", kana kwamba tiketi imeshagongwa muhuri mbinguni. Paulo hakuitumia hivyo. Alipowaandikia Wakorintho miaka kadhaa kabla ya safari hii, alikuwa ameshavunjikiwa na merikebu mara 3 na kukaa kilindini usiku na mchana (2 Wakorintho 11:25), na hakuna mahali anapodai kwamba katika zile 3 alikuwa na malaika wa kumhakikishia chochote.