Nilidhani ni jino la utoto

Jana nimempeleka mwanangu wa miaka 8 kwa daktari wa meno, huku huku Mbagala. Usiku kucha kalia, kashika shavu. Nilienda na jibu langu mfukoni: ling'olewe, si litaota jingine? Daktari akawasha tochi. "Mama, hebu chungulia." Kumbe gego lile la nyuma lenye tundu jeusi ni la ukubwani! Huota kwenye miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana hatulishtukii. Likitoka, basi tena.

Akauliza anakula nini. Ubuyu wa getini shuleni nikautaja haraka. Juisi ya kulalia nikaitaja kwa aibu. Usiku mate hupungua, sukari inabaki inalichimba jino.

Nilibisha kwenye maji tu. Eti akishapiga mswaki ateme povu, asisukutue, floraidi, ile kinga ya meno iliyomo kwenye dawa ya mswaki, ibaki mdomoni. Mimi ninayesukutua kikombe kizima! Dawa yenyewe kiasi cha njegere, mdogo wake wa miaka 2 punje ya mchele.

Jino limezibwa. Usiku nikamsimamia kwa saa ya simu, dakika 2. Sekunde ya 40: "Mama, nimemaliza."