Chai ya rangi, Leicester

Jumamosi ya tarehe 1 Novemba 2014 nilikataa chai ya mama mwenye nyumba wangu. Mpaka leo nauona mkono wake ulivyosimama hewani na kikombe.

Alikuwa Mgujarati mzaliwa wa Jinja, aliyefika Leicester, Uingereza, mwaka 1972 baada ya Idi Amin kuwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Kiswahili alikuja nacho. Siku niliyokwenda kuulizia chumba, aliposikia natoka Lushoto, alisema "Karibu, mwanangu" na papo hapo akanipunguzia kodi. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri nilikunywa chai jikoni kwake: maziwa mengi, iliki, tangawizi, majani yamechemka mpaka yamekolea. Kwake chai isiyo na maziwa ilikuwa ya mgonjwa.

Asubuhi ile nilikuwa nimetembea hadi Evesham Road, upande mwingine wa mji. Sikuwa na la kufanya pale zaidi ya kusimama. Mwaka 1944, vita havijaisha, mwalimu wa useremala aitwaye Donald Watson aliishi kwenye barabara hiyo, na anwani yake ndiyo iliyokuwa kwenye jarida la kwanza la Vegan Society, chama cha watu wasiokula nyama, maziwa wala mayai. Nakala yake nilikuwa nayo kwenye mfuko wa koti, nimeichapisha chuoni na kuisoma mara nne.

Wengi hudhani chama kile kilizaliwa kwa sababu ya nyama. Sivyo. Watson na wenzake walikuwa wameshaacha nyama miaka mingi. Walikuwa ndani ya chama cha wala mboga. Kilichowatenganisha na wenzao ni maziwa. Waliomba sehemu katika jarida la wala mboga ili waeleze kwa nini maziwa na mayai nayo yaachwe, wakakataliwa. Novemba hiyo watu sita, Elsie Shrigley akiwa mmoja wao, wakakutana London na kuanzisha chama chao. Jina la kujiita hawakuwa nalo. Yalipendekezwa majina ambayo hayakudumu, dairyban, vitan, benevore, kisha hilo lililobaki: vegan, yaani herufi tatu za mwanzo za vegetarian na mbili za mwisho. Kazi ya seremala kabisa, kuuchukua ubao uliopo, kuukata na kuuunga.

Tarehe yenyewe ya 1 Novemba ilianza kuadhimishwa kama siku ya vegan duniani mwaka 1994, chama kilipotimiza miaka 50, kwa wazo la Louise Wallis aliyekuwa akikiongoza. Mimi niliichagua iwe siku yangu ya kuacha maziwa. Nyama nilikuwa nimeiacha mwaka mzima kabla.

Basi nikasema, "Mama, leo naomba ya rangi."

"Tumbo?"

"Hapana. Nimeacha maziwa."

Akaweka kikombe mezani. "Nyumba hii nyama haijaingia tangu babu wa babu. Yai halijaingia. Lakini maziwa, mwanangu? Ng'ombe ni mama. Mama anakupa, wewe unakataa?"

Nilishtuka, maana ulikuwa ugomvi uleule wa 1944, umenifuata mpaka jikoni, tena kwa Kiswahili. Jarida lilikuwa mfukoni lakini sikulitoa. Nikamsimulia habari za Sikitu.

Sikitu alikuwa ng'ombe wetu wa maziwa, tuliyempata kwa mpango wa kijiji: unakopeshwa mtamba, akizaa ndama jike unampeleka kwa jirani anayefuata. Uzao wa kwanza ukawa dume. Dume hana maziwa na hawezi kulipa deni. Alinyonya siku chache, kisha akawa anapewa kidogo kwenye ndoo ili mengine yauzwe, na alipofikisha wiki kama sita mchinjaji akaja na kamba. Nilikuwa na miaka tisa. Sikitu alilia usiku mbili, ameelekeza kichwa njia aliyopitishwa mwanawe, na asubuhi zote mbili mimi ndiye niliyetumwa kumkamua. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ndoo hiyo. Silifichi hilo, na simlaumu baba.

Watson naye alikuwa na shamba la utotoni, la mjomba wake George, ambako aliona nguruwe akichinjwa na kusikia kilio chake. Aliacha nyama akiwa kijana wa miaka kama 14. Niliposoma hayo nililazimika kufunga karatasi kwanza, nikatoka nje. Nguruwe sijui kumlilia, lakini sauti ile naijua.

Mama alikaa kimya muda mrefu, anasugua ukingo wa meza kwa kidole.

"Jinja tulikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya duka," akasema mwishowe. "Kila mwaka wanazaa. Madume sikumbuki walikuwa wanakwenda wapi." Akanyamaza tena. "Sikuwahi kuuliza."

Kisha, kama mama yeyote, akarudi kwangu: "Na damu? Utaishiwa damu."

Nikamwonyesha vidonge vyangu vya vitamini B12. Hofu yake ilikuwa ya haki, maana vitamini hiyo mwili huihitaji kutengeneza damu, kwenye mimea haipatikani, na ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, miaka minne baada ya jarida lile. Wale wa mwanzo waliianza safari bila kuijua, na wapo walioumia kwa ajili hiyo. Nawaheshimu zaidi kwa sababu hiyo. Nikamwambia pia kuwa Watson mwenyewe alifariki mwaka 2005, ana miaka 95.

"Tisini na tano," akarudia, kama anayehesabu chenji. Akainuka, akabandika maji, akaponda tangawizi, akatia iliki maradufu. Alinimiminia ya rangi, kisha akakivuta kile kikombe changu cha maziwa kilichokwishapoa, akakinywa yeye mpaka nusu.

"Ulimwita nani?"

"Nani, mama?"

"Ndama."

"Kidoti. Alikuwa na doa jeupe hapa," nikagusa paji la uso.

Alitikisa kichwa polepole, lakini ile nusu iliyobaki hakuimalizia. Jumamosi iliyofuata nikakuta sufuria mbili jikoni, kubwa ya maziwa na ndogo yangu.