Aliyeona Kwanza: Kutoka Kilifi Hadi Nairobi

Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, saa saba na nusu mchana. Mabegi yamepangwa chini kwa mstari mmoja, wenyewe tumesimama nyuma yake, na askari anapita na mbwa anayenusa begi baada ya begi. Mbwa alipomaliza tukaambiwa tuinue mizigo tuipeleke kwenye mashine. Hapo ndipo nilipoikumbuka beji yangu. Ilikuwa bado imebanwa kwenye koti jeupe la kazi, na koti limo ndani ya begi.

Nikaitoa, nikamnyooshea askari.

"Kaka, samahani. Hii naomba isipite humo ndani."

"Ni nini hiyo, dada?"

Nikamweleza. Ni kipima mionzi. Nafanya kazi chumba cha eksirei, naivaa kifuani kutwa, na kila baada ya muda inapelekwa kusomwa ili ijulikane mwili wangu umepokea kiasi gani. Ikipita kwenye mashine ya mizigo itaandika mionzi ambayo mimi sikuipata, na hesabu yangu itaharibika.

Aliigeuzageuza kiganjani. "Kumbe wewe ni daktari."

"La, si daktari. Mimi ndiye ninayepiga picha."

"Ni yale yale," akasema, akanipitishia kwa mkono upande wa pili.

Si yale yale, na jambo hilo ndilo lililokuwa likinipeleka Nairobi. Nilikuwa nakwenda kwenye mkutano wa siku tatu wa watu wanaosimama kati ya mashine na daktari: wapiga eksirei, wapimaji wa ultrasaundi, maafisa wa kliniki waliojifunza kushika kifaa cha ultrasaundi kwa sababu huko waliko hakuna mwingine wa kukishika. Leseni zetu zinadai pointi za mafunzo, na pointi zinapatikana kwenye mikutano kama hii. Lakini pointi ningeweza kuzitafuta Mombasa, karibu na kwetu Kilifi. Nilikuwa na swali: aliyepiga picha akiona kitu kibaya, aseme au anyamaze? Nilitaka kuliuliza mbele ya watu wanaolijua.

Treni ya alasiri ilituchukua saa tisa kamili. Tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Hadi mwisho wa 2023 ilikuwa 1,000, na bado nashukuru, maana njia ya lori na basi naijua vizuri na mgongo wangu unaijua zaidi. Mbele yangu alikaa mama mtu mzima kutoka Rabai aliyekuwa akienda Athi River kwa binti yake mjamzito. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha mahamri kutoka kwenye kikapu. Alipojua kazi yangu alisogea karibu.

"Mwanangu, hicho kipimo cha tumbo, hakimchomi mtoto?"

"Hapana, mama. Kile si eksirei, hakina mionzi. Ni sauti tu, sauti ambayo sikio letu haliisikii. Inaingia, inagonga, inarudi, mashine inaichora."

"Basi wamwambia apime, naye ametimiza miezi minne."

"Na apime sasa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mama apimwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Umri wa mimba unajulikana vizuri mapema, na kama ni pacha mtajua mapema."

Aliitoa simu yake palepale akampigia binti. Alimwambia kuna daktari kwenye treni amesema. Sikumkatiza.

Baada ya Voi dunia ikawa nyekundu. Udongo wa Tsavo ni mwekundu, ndovu wake ni wekundu, hata vichaka vya kando ya reli vina vumbi hilohilo. Abiria wa upande wa kulia walisimama kuangalia kundi lililokuwa likienda mbali na tuta, wadogo katikati na wakubwa pembeni. Mimi nilikaa. Nikitazama nje ya dirisha la gari kwa muda mrefu, huja kijana mmoja.

Alikuwa wa bodaboda. Aliletwa jioni katika hospitali niliyofanyia kazi zamani, ameanguka kwenye barabara ya vumbi, anashika mbavu za kulia. Nilimpiga picha ya kifua. Filamu ilipotoka niliibandika kwenye kisanduku cha taa. Juu upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga, palikuwa na uzi mweupe mwembamba kama unywele, na nje ya uzi ule weusi mtupu, bila mshipa hata mmoja. Yeyote aliyepiga vifua elfu moja anajua maana yake: hewa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu limeanza kunywea.

Nilijua. Lakini desturi ya pale ilikuwa mpiga eksirei hasemi. Kusoma picha ni kazi ya daktari wa radiolojia, na wetu alikuwa hapatikani ila mara moja kwa wiki. Nikaitia filamu kwenye bahasha, nikampa dada yake, nikamwambia ampelekee daktari wa zamu. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Bahasha ilikaa mezani. Alfajiri kijana alianza kuhema kama samaki aliyetolewa majini, ndipo filamu ikatazamwa, akawekewa mrija kifuani. Alipona, Mungu ashukuriwe. Yale masaa tisa, hata hivyo, nimeyabeba hadi leo.

Tuliingia Syokimau, kituo cha Nairobi, usiku. Baridi ya Nairobi mwezi wa Julai haibishi hodi. Mtu wa pwani anaikuta imeshaingia mifupani kabla hajashuka ngazi. Binamu yangu alikuja kunichukua, na kwa shangazi South B nilikuta ugali, sukuma na blanketi mbili. "Umekonda," shangazi akasema kabla sijamaliza shikamoo. Nililala.

Asubuhi nilipanda matatu hadi mjini, nikabadilisha karibu na Archives. "Kenyatta hospitali, siste, hamsini, ingia!" Nilishuka Upper Hill, nikasimama dakika moja kuitazama Kenyatta ikimeza watu wake wa asubuhi. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiitwa Native Civil Hospital. Mwaka huohuo wa 1901 Wilhelm Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, kwa miali aliyoigundua tarehe 8 Novemba 1895. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kiasi kile. Labda kwa kuwa mlangoni mwa ukumbi walikuwa wametundika ile picha yake mashuhuri, mkono wa mkewe wenye pete, na mimi nimeshapiga mikono mingi yenye pete za ndoa zinazogoma kutoka.

Ukumbini mambo yalikwenda kwa Kiingereza. Kwenye chai yalikwenda kwa Kiswahili, na huko ndiko niliposikia mambo yenyewe. Afisa wa kliniki kutoka Turkana alinisimulia kwamba mgonjwa wake wa ajali husafirishwa nusu siku kufikia mtu wa kuisoma picha. Mpima ultrasaundi kutoka Busia alisema amechoka kuitwa daktari na wagonjwa, na kuitwa fundi na madaktari.

Mada ya kwanza iliyonikalisha wima ilihusu Marekani. Huko wana kada inayoitwa wasaidizi wa daktari wa radiolojia. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa radiolojia na chama cha wataalamu wa radiografia walikubaliana mipaka ya kazi hiyo, na tangu 2005 wanasajiliwa kwa mtihani. Mtu huyu ni mpiga eksirei mzoefu aliyerudi shuleni. Anafanya vipimo vya kumeza bariamu (kimiminika kinachoonyesha njia ya chakula kwenye picha), anaingiza mirija, anamwandaa mgonjwa na kumfuatilia. Anaweza kuitazama picha na kumwambia daktari alichokiona, ila ripoti rasmi haiandiki, ugonjwa hautaji, dawa hatoi. Yote chini ya usimamizi wa daktari. Jirani yangu aliandika daftarini: *anaweza kumwambia*. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kisha Uingereza. Huko walianza kwa stika. Miaka ya 1980, mpiga eksirei wa idara ya dharura aliyeona kitu kisicho cha kawaida alibandika doa jekundu kwenye filamu kabla ya kuipeleka. Ni doa tu, halina neno. Daktari kijana wa zamu akiliona alijua atazame mara ya pili. Tangu miaka ya 1990 wakaendelea hadi kuwasomesha wapiga eksirei kuandika ripoti kamili, na leo wapo wengi wanaofanya hivyo.

Mtoa mada hakulipamba doa lile. Alituonyesha kasoro yake kwenye filamu mbili za kiwiko, moja ina doa na moja haina. Ile isiyo na doa ina maana gani? Ni nzima? Au aliyeipiga alikuwa na haraka? Au haoni kama ni kazi yake? Na lile doa, linaonyesha wapi? Ndiyo maana wenzao wakasogea kwenye maoni mafupi ya maandishi: kuna kitu au hakuna, kiko wapi, kina haraka gani. Ukiwa na shaka, andika kwamba una shaka. Andika ulichokiona, ugonjwa mwachie daktari.

Nilinyanyua mkono. Niliuliza swali langu lote, pamoja na kijana wa bodaboda, na sauti ilinitetemeka mwishoni. Mtoa mada alinijibu kwa swali: "Mlikuwa na makubaliano yoyote ya maandishi kuhusu kitu ukionacho usiku?" Hatukuwa nayo. "Basi anzia hapo. Kusema bila makubaliano kutakuletea matata, na kunyamaza kutamletea mgonjwa matata. Andikianeni."

Siku ya pili ilikuwa ya programu za kompyuta. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali programu zisome picha za kifua mahali pa binadamu katika kuchuja watu wa miaka 15 na zaidi wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu. Tulionyeshwa pafu kwenye skrini, sehemu yenye mashaka imepakwa rangi kama makaa, na namba pembeni. Ni kazi nzuri, na kwa kifua kikuu nchini mwetu inahitajika. Lakini mzee mmoja, afisa wa kliniki mwenye mvi zilizokamilika, alisimama akauliza swali lililoukalisha ukumbi kimya:

"Kama mashine imeruhusiwa kusema inachokiona, je, mtu aliyeiwasha?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Sina ugomvi na programu. Nasema tu kwamba programu imejaribiwa, imepewa mipaka na imepewa mahali pa kuandika jibu lake. Sisi nasi tunaomba vitu hivyohivyo: tujaribiwe, tuwekewe mipaka, tupewe karatasi.

Alasiri ya mwisho tuligawanywa makundi ya watu watano watano kwa mazoezi ya ultrasaundi ya mgonjwa wa ajali. Ni mahali pa kutazama panne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya wengu na figo ya kushoto, nyonga, na moyo. Unatafuta weusi mahali pasipotakiwa kuwa na weusi, kwa maana damu iliyomwagika huonekana nyeusi. Kifaa kilikuwa kidogo kama wembe wa umeme, kimechomekwa kwenye simu. Yule dada wa Busia alishika kiganja changu akakielekeza, "Punguza kukandamiza, dada. Muache aje mwenyewe," na pale ini na figo vikatokea vimelaliana, katikati yao mstari mweupe safi. Kwa mtu asiyevuja damu ndani huo mstari ndio wote unaoutaka.

Kabla ya kurudi niliingia duka la vifaa vya ofisi karibu na Moi Avenue, nikanunua pakiti moja ya stika nyekundu za duara na vijitabu vitatu vidogo vya kuchana.

"Ni za bei za dukani?" kijana wa kaunta aliuliza.

"Ni za hospitali."

Jumatatu nilikwenda kwa daktari mkuu wa hospitali yangu ya sasa nikiwa na ukurasa mmoja wa makubaliano nilioandika kwenye treni. Aliusoma amesimama, kisha akakaa akausoma tena. Akafuta sentensi moja, akaongeza nyingine: *Kikiwa cha haraka, mpiga picha ampigie daktari wa zamu simu, asimpe ndugu bahasha.* Akatia sahihi. Ilituchukua wiki mbili kukaa na madaktari wa zamu na wapiga picha wote wanne, na mmoja wao bado anasita, simlaumu.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne usiku, aliletwa mtoto wa miaka saba aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Kiwiko. Niliitazama filamu, nikabandika doa kwenye kona, nikachana karatasi nikaandika mistari miwili, nikapiga simu.

"Umeona nini?" daktari akauliza.

Nikamwambia.

"Nakuja," akasema, na nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma.