Siku yangu Cathlab: stenti, ubishi wa mchana na bei ya vidonge

Saa 11 alfajiri. Ukiishi Mbagala na zamu inaanza saa 1, foleni ndiyo inayokupangia saa ya kuamka. Mimi ni muuguzi wa Cathlab katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Kwa asiyeijua, ni chumba chenye mtambo wa eksirei ambamo daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, akaona palipoziba, akapazibua. Hakuna kupasua kifua. Mgonjwa yuko macho, na wengine hupiga soga kabisa.

Saa 1:10 asubuhi. Kabati la stenti, vile vijibomba vya wavu wa chuma vinavyoachwa ndani ya mshipa ili usizibe tena. Nakagua moja moja: kipenyo, urefu, tarehe ya kuisha muda. Zetu zote ni zenye dawa, za chuma kitupu tuliachana nazo. Hapo utafiti haukuacha shaka. COMFORTABLE AMI ya mwaka 2012 iliwafuatilia wagonjwa 1,157 wa shambulio la moyo. Mwaka mmoja baadaye, waliokufa kwa moyo, waliopata shambulio jingine kwenye mshipa uleule au waliorudi kuzibuliwa palepale walikuwa asilimia 4.3 kwa stenti yenye dawa na 8.7 kwa chuma kitupu. Karibu nusu yake. Siku hizi ubishi umehamia kwenye stenti zenye dawa zenyewe, ipi kati ya hizo, na huo hauishi.

Saa 2:30. Wagonjwa wawili wa miadi, wa kuangaliwa mishipa tu. Tunamaliza salama.

Saa 3:50. Simu kutoka dharura, na picha ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imeshafika kwenye WhatsApp. ST imepanda kwenye II, III na aVF, yaani ukuta wa chini wa moyo unakosa damu. Mzee mmoja, chembe ya moyo inamchoma tangu saa 9 usiku. Alidhani ni vidonda vya tumbo. Akanywa Magnesium, akangoja kukuche. Wengi wa aina hii hutujia hivyo, maana maumivu yake hukaa juu ya tumbo na hayamtishi mtu. Ameshatafuna aspirini miligramu 300 na kumeza tikagrelori miligramu 180, nayo ya kuzuia damu isigande.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mtanipasua?"

"Hapana mzee, ni tundu dogo tu hapa mkononi."

Saa 4:20. Tumevaa aproni za madini ya risasi za kukinga mionzi, mzee yuko kitandani. Mshipa wa moyo wa kulia umeziba kabisa, kwenye skrini unaonekana kama umekatwa. Waya unapita, daktari anatangulia na puto dogo, damu inaanza kushuka. Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Mshipa uliokuwa umeziba huwa umejibana na umejaa damu iliyoganda, kwa hiyo ukipima haraka unapata kipimo kidogo kuliko ukweli. Kesho ukitanuka, stenti inaelea bila kushika ukuta, na damu hupenda kuganda pale palipoachwa wazi. Daktari anaweka nitroglycerin, dawa ya kutanua mshipa, ndani yake, anasubiri, anapima upya.

"Sista, nipe tatu nukta tano kwa kumi na nane."

Natoa stenti ya Xience, ndiyo iliyokuwepo ya kipimo hicho. Ninasoma lebo kwa sauti, mwenzangu anarudia, ninafungua. Dakika chache baadaye mzee anasema kifua kimeachia. Sijachoka kuisikia sentensi hiyo.

Saa 7:20 mchana. Wali, maharage, mchicha, na kikao cha tafiti. Daktari kijana anayesomea ubingwa ana hoja: kwa nini mzee hakuwekewa Orsiro, stenti ya aina nyingine? Amekuja na BIOSTEMI, utafiti wa Uswisi, wagonjwa 1,300 wa shambulio la moyo kama la mzee wetu. Orsiro ina dawa ya sirolimus na polima (ule utando unaoshika dawa) inayoyeyuka, Xience ina everolimus na polima inayobaki. Baada ya mwaka, walioharibikiwa pale palipowekwa stenti walikuwa asilimia 4 kwa Orsiro na 6 kwa Xience. Baada ya miaka mitano, 8 kwa 11. Pia nyuzi za chuma za Orsiro zina unene wa mikroni 60 (elfu za milimita), za Xience 81, na uzi mwembamba hausumbui sana mkondo wa damu.

Amejiandaa, nampa heko. Ila mwenzake naye hakuja mikono mitupu. HOST-REDUCE-POLYTECH-ACS, Korea Kusini, wagonjwa 3,413 wenye shambulio la moyo au dalili za karibu na hilo. Huko matatizo yanayotokana na stenti yenyewe yalikuwa asilimia 2.6 kwa polima inayobaki na 3.9 kwa inayoyeyuka. Kinyume cha Uswisi! Kweli stenti zilizoshindanishwa si zilezile, lakini mwenye kusema kwamba polima inayoyeyuka ndiyo bora kwa kila mtu ana kazi ya kujibu.

Mimi nikaongeza langu, maana lebo hizi ninazisoma kila siku. Mikroni 60 za Orsiro ni mpaka kipenyo cha milimita 3.0. Kuanzia 3.5, kama ya mzee, nyuzi zake ni mikroni 80. Themanini kwa themanini na moja! Kijana akacheka, akaomba aione lebo. Na huko Uswisi kwenyewe, vifo vya moyo havikutofautiana sana kati ya makundi mawili. Kilichovuta matokeo hasa ni watu kurudi kuzibuliwa tena palepale. Kwa maoni yangu zote mbili ni stenti nzuri, na ningependa nguvu za ubishi huu tuzielekeze kwenye zile saa sita mzee alizokaa na Magnesium nyumbani.

Saa 9:30 alasiri. Wodini. Mke wa mzee anauliza kama chuma kitashika kutu. Hakishiki, na hakitolewi. Namweleza vidonge: aspirini mara moja kwa siku, na tikagrelori asubuhi na jioni, hiyo kwa kawaida mwaka mzima. Mzee akihisi pumzi fupi asiache dawa, apige simu kwanza, maana tikagrelori huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Akienda kung'oa jino, aseme ana stenti kabla hajafungua mdomo.

Kijana wao ananivuta pembeni. "Dada, hiyo ya mara mbili bei yake tutaiweza mwezi huu. Ujao sijui."

Namshukuru kwa kusema mapema. Wengi hukaa kimya, wanameza nusu kidonge au wanaruka siku, na stenti mpya isiyo na dawa hizo inaweza kuziba ghafla, iwe ya polima inayoyeyuka au inayobaki. Namrudisha kwa daktari palepale. Wanakubaliana: dawa ikishindikana, mzee atahamishiwa klopidogreli, dawa ya kazi hiyohiyo ambayo ni nafuu na humezwa mara moja kwa siku, lakini kwa kufuata maelekezo ya daktari, si kwa kujipangia nyumbani. Naandika namba ya wodi nyuma ya kadi ya stenti. Kijana anaipiga picha, kisha anaweka kengele mbili kwenye simu ya mama yake, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku.