Semina ya mabinti usharikani: anza na "Nilikuona uki..."

Semina nyingi za mabinti makanisani zimejaa maneno matamu: wewe ni wa thamani, wewe ni malkia. Binti wa miaka 14 anaitikia amina, anarudi nyumbani vilevile alivyokuja, maana hajaonyeshwa hiyo thamani iko wapi katika mambo anayoyafanya kila siku. Haya ni kwa walimu wa kipaimara na walezi wa vijana katika sharika zetu hapa Tanzania.

Mabinti 24 wanatosha: makundi 3 ya wanane wanane, kila kundi na mlezi wake. Wa miaka 12 hadi 14 wasichanganywe na wa 15 hadi 17, wadogo watabaki kuangalia tu. Jumamosi 6 za dakika 90 zinazaa kuliko kongamano la siku moja, mradi zisigongane na mazoezi ya kwaya. Chai na maandazi vitangulie. Wapo waliofua tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni. Pedi ziwekwe chooni, binti asilazimike kumwomba mtu. Na kaeni kwenye mikeka, kwa duara. Mbele ya mabenchi mlezi yeyote huanza kuhubiri.

Kuhusu andiko, wengi hukimbilia Mithali 31. Isubiri kwanza: mke mwema anayesifiwa humo tayari ana nyumba yake, na binti husikia orodha ya kazi tu. Bora Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa na mkutano mzima wakadai urithi wa baba yao, wakapewa. Wasome kwa zamu, kisha uliza: wangenyamaza ingekuwaje?

Zoezi la kusifiana ndilo linaloharibika mara nyingi. Ukiwaacha waandike watakacho, kila karatasi itajaa "mrembo" na "mpole", anayependwa atapata sifa kumi na mkimya mbili. Kwa hiyo kila mmoja aandike jina lake juu ya karatasi, zizunguke kulia, dakika moja na nusu kila mkono. Sentensi ianze na "Nilikuona uki...": Nilikuona ukimfundisha mdogo wako kusoma. Nilikuona ukikataa kumcheka mwenzetu. Sura, rangi na nywele havitajwi. Zikizunguka zote, kila binti anaondoka na sentensi saba za mambo aliyoyafanya kweli. Mlezi azipitie kabla ya kuzirudisha. Utani wa kuumiza hupenya hapo. Kundi lisilojuana vizuri lifanye hili wiki ya tatu, likiwa na cha kukumbuka.

Wiki ya nne ni ya kukataa kwa heshima. Binti aliyelelewa vizuri hujikuta amekwama: ameamkia, sasa atamkataliaje mtu mzima? Wasimame wawili wawili, hatua tatu kati yao. Mmoja ni jirani anayeomba apelekewe mzigo chumbani, mwingine anajibu: "Shikamoo. Hapana, siingii ndani. Nauacha hapa mlangoni." Mara ya kwanza watacheka na kutazama chini, wengine wataongeza "samahani" na visingizio. Warudie mpaka sentensi imalizike bila kisingizio, maana kisingizio humpa mtu mlango wa kubishana. Wazazi waitwe kabla ya wiki hii, wasije wakadhani kanisa linafundisha kiburi.

Sanduku la maswali yasiyo na majina lina siri moja: wote waandike, kwa karatasi na kalamu zinazofanana, kwa muda uleule. Asiye na swali anakili mstari wa wimbo. Wakiandika wenye maswali pekee, kila mtu atajua ni nani.

Humo ndimo huibuka yale mazito. Tangu siku ya kwanza mlezi aseme wazi: ya hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtu anaumizwa. Asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya bure 116. Mlezi asikilize, asimhoji binti maswali ya kipolisi, aandike maneno yake kama alivyoyasema, atoe taarifa siku hiyohiyo. Kikao cha wazee wa kanisa cha kusuluhisha hakifai, hasa mtuhumiwa akiwa mmoja wao.